Anwani ya Kuazima

"Kitu ukikigawa bure halafu kikaharibika, watu wanamlaumu nani?"

Aliyeuliza ni Jildou, mtoto wa nyumba ya pili, siku hizo akiwa na miaka tisa. Alikuwa amekaa juu ya kreti tupu la bia ndani ya gereji ya Tjitske Hoogland, miguu ikining'inia. Tjitske mwenyewe alikuwa amechuchumaa nyuma ya kompyuta yenye rangi ya maziwa yaliyochacha, bisibisi mdomoni. Aliitoa bisibisi, akafikiri, akafungua kopo la biskuti, akampa moja, akalifunga. Aldwierum, kijiji chao, biskuti ni moja kwa kila kikombe, hata swali liwe gumu namna gani.

"Kula kwanza," akasema, na swali likabaki hewani.

Ukimuuliza mtu yeyote pale kijijini Tjitske ni nani, atakwambia ni mwalimu wa udereva. Nusu ya kijiji imejifunza kwake, katika gari dogo jekundu lenye breki mbili, moja ya mwanafunzi na moja yake. Hapigi kelele hata siku moja. Mwanafunzi akielekea mtaroni, yeye husema tu, "Mtaro huo haujaomba mgeni," kisha anakanyaga. Wopke Terpstra, mwenyekiti wa klabu ya kuteleza kwenye barafu, mtu wa kutembea kifua mbele kama jogoo wa maonyesho, alifeli mtihani wa udereva mara tatu akiwa mwanafunzi wake. Tjitske hakuwahi kumwambia mtu. Hakukuwa na haja. Aldwierum si kijiji cha siri.

Lakini jioni, vyombo vikishaoshwa, Tjitske huingia gereji. Mle hakuna gari. Mna kompyuta za zamani, zile za skrini nyeusi zisizojua picha wala kipanya: unaandika amri, unabonyeza, inatii au inakununia. Mfumo wake ni DOS, na kwa kawaida hufanya jambo moja tu kwa wakati mmoja. Wengine wanaona hiyo ni kasoro. Tjitske anaona ni adabu. Hata yeye akiendesha gari haongei na simu.

Moja ya kompyuta hizo haikai gereji. Inakaa kwenye kibanda cha mbao cha klabu, pembeni ya uwanja wa maji ambao majira ya baridi ukijaliwa hugeuka barafu. Mbio za pale ni fupi, za moja kwa moja, hazina kona. Watu hukimbia wawili wawili, kila mmoja na njia yake, viatu vya wembe wa chuma vya kutelezea miguuni. Mkimaliza mnarudi taratibu mlikoanzia, mnabadilishana njia, mnakimbia tena. Ukishinda zote mbili, umepita. Mkigawana, kuna ya tatu, na hiyo ya tatu imewazeesha akina mama wengi wakiwa wamesimama tu ukingoni. Mstari wa mwisho una miale miwili ya mwanga. Mguu wa kwanza ukikata mwale, kompyuta ya kibandani inajua ni wa nani. Kadi ya umeme inayoisoma miale hiyo haiingii kwenye kompyuta yoyote mpya. Nafasi ya kuichomeka ilishaacha kutengenezwa zamani. Programu ya mbio aliiandika Tjitske, akiwa bado msichana wa nywele ndefu.

Shida ilikuwa moja. Kibanda kiko mwisho huu wa barafu, na kantini, ambako wakimbiaji hukaa wakipasha miguu moto na kungoja zamu, iko mwisho ule. Zamani mtu alipiga kelele kwenye kipaza sauti, na upepo ukayachukua majina ukayapeleka kijiji cha pili. Siku moja alikuja mkimbiaji kutoka huko huko kijiji cha pili, akasema amesikia anaitwa.

Ndipo Tjitske alipokata shauri: kompyuta ya kibandani ijifunze kuzungumza kwenye mtandao, ipeleke matokeo yenyewe hadi skrini kubwa ya kantini. Tena kwa programu za bure, maana klabu ilikuwa na hazina ya kununulia chumvi ya kuyeyushia barafu njiani tu, basi.

Akaanza kutafuta. Kumbe ulimwengu umejaa watu walioacha vitu vizuri mlangoni wakaenda zao! Programu ya kwanza aliyoipata ilikuwa ya bure, ila kubwa mno. Ikishaingia kwenye kumbukumbu ya kompyuta, programu ya mbio haipati pa kulala, sawa na mgeni anayejinyoosha kitanda kizima. Ya pili ilikuwa ya chuo kikuu fulani. Walioiandika walishastaafu, msimbo wake, yaani maandishi ya programu yenyewe, ukapotea, na haikuitambua kadi yake ya mtandao hata kwa kuibembeleza. Ya tatu ndiyo ikawa. Ilikuwa mkoba wa vijiprogramu vidogo vidogo, kimoja cha kuazima anwani, kimoja cha kutuma faili, kimoja cha kupiga soga, kazi ya mtu mmoja mpenda vitu vya zamani, naye ameuacha msimbo wote wazi, yeyote asome, yeyote arekebishe. Kiendeshi cha kadi, yaani programu ya kuifanya kompyuta iitambue kadi yake, akakikuta kwenye ghala la mtandaoni ambako mtu asiyejulikana alikuwa amekusanya mamia.

Tjitske naye akaongeza chake: kijiprogramu cha kupeleka matokeo kila mwale unapokatwa. Akakiita Mpeleka. Kwa kuwa alikula vya watu, akaona si uungwana kufungia chake kabatini. Akakiweka wazi, msimbo na vyote. Haukupita muda, mtu wa Poland anayelima nyanya akaandika kwamba Mpeleka humletea vipimo vya joto la banda lake mpaka sebuleni. Mama mmoja wa Ureno akakifunga kwenye mashine ya kufuma sweta. Huyo wa Ureno alikuwa na neno moja: "Dada, asubuhi programu yako inakwenda vizuri. Ikifika alasiri inachoka. Nikizima na kuwasha, inapona."

"Programu haichoki," Tjitske akamjibu, kwa upole wa mwalimu. "Angalia waya wako, mama."

Mkutano wa mwaka wa klabu ukafika. Wopke akasimama, akagonga glasi kwa kijiko.

"Ndugu wanachama, lile sanduku la kibandani ni la makumbusho. Kijana wangu ana programu ya simu inayofanya yote."

"Yote isipokuwa kuona mstari," Tjitske akasema kutoka nyuma.

"Mama, hayo ni mambo ya kisasa, hutayaelewa."

"Mwenyekiti, mimi nilikuelewa wewe ukirudi nyuma na gari. Hakuna linalonishinda tena."

Ukumbi ukaangua kicheko. Wopke akawa mwekundu hadi masikioni, lakini hakuketi. Akatoa sharti: barafu ijayo kompyuta ya Tjitske ipewe nafasi ya mwisho. Ikisimamisha mbio hata mara moja, basi, iende kwenye vyuma chakavu. Mikono ikanyanyuliwa. Sharti likapita.

Tjitske hakulala vizuri usiku huo, japo asubuhi alifundisha watu wawili kuegesha kama kawaida. Kile kibanda kilikuwa mahali pekee ambapo watu walimwona kwa kitu alichokitengeneza, si kwa mguu wake kwenye breki.

Barafu ya kweli haiji kila mwaka. Hukaa, hukaa, kisha huja wiki moja na kukuta watu wameongezeka vitambi. Ilipokuja, Jildou alikuwa amefika miaka kumi na sita, mapaja kama ya farasi, na kijiji kizima kilisema mwaka huo kombe la wasichana ni lake. Alfajiri ya siku ya mbio Tjitske aliwasha kompyuta kibandani, ikapiga mlio, ikaazima anwani kutoka ruta ya kantini. Kila kifaa kikitaka kuzungumza mtandaoni lazima kiwe na anwani, kama nyumba na namba yake, na ruta ndiyo inayogawa namba hizo kwa muda. Kwenye skrini ya kantini yakatokea majina, safi, kwa mpangilio. Wopke akapita, akaangalia, akakohoa, akaondoka. Kwa Wopke hiyo ni sifa.

Asubuhi nzima ikaenda kama mtelezo. Watu walijaa ukingoni, pua nyekundu, mikono kwenye vikombe vya chokoleti moto. Karibu na dirisha la kibanda cha kompyuta, Baukje, mjane mwenye sauti ya tarumbeta, alikuwa na banda lake na sufuria ya supu ya njegere, nzito kiasi kwamba kijiko husimama. Banda hilo la supu lilikuwa la mama yake, na kabla ya hapo la bibi yake. Supu ya klabu ni ya familia hiyo, ndivyo ilivyo. Na kwa kuwa siku hizi hakuna mtu Aldwierum anayetembea na sarafu, kila bakuli lililipiwa kwa kadi, kwenye kijimashine cha mkononi kilichotumia mtandao ule ule wa kantini. Adhuhuri Baukje alikizima akakichaji kidogo, akakiwasha tena.

Hapo ndipo mambo yalipoanza kwenda upogo.

"Hakuna mtandao!" Baukje akapiga kelele. "Mashine inasema hakuna mtandao!"

"Itikise," mtu akamshauri.

"Nimeitikisa! Nikutikise na wewe?"

Ikarudi. Mabakuli mawili, matatu yakauzwa. Kisha: "Imekufa tena!" Foleni ikarefuka, watu wakapigapiga miguu chini kwa baridi. Wazee wawili wakaondoka bila kula, na wazee wa Aldwierum kuondoka bila supu ni jambo zito.

Wopke akaja mbio, kadri mwenye kitambi anavyoweza kukimbia juu ya barafu. "Baukje, ni nini hiki? Watu wanaganda!"

"Si mimi, ni hiki kidude!"

"Kidude ni chako. Uliambiwa ununue kipya. Kijiji cha pili wana gari zima la supu, lina mashine mbili za kadi. Mwakani nitawaita wao."

Baukje akashika mwiko akawa anakoroga supu isiyohitaji kukorogwa.

Ndani ya kibanda, Tjitske aliyasikia yote kupitia dirisha. Alikuwa ameanza kuona jambo kwenye skrini yake. Matokeo yalikuwa yanafika kantini, lakini si kwa jaribio la kwanza. Mpeleka alijaribu, akakwama, akajaribu tena, akapita. Nje, wasichana wawili wakakata mwale. Mpeleka akatuma.

"Imekufa tena!" akalia Baukje.

Tjitske akaganda, na si kwa baridi. Jozi nyingine ikamaliza. Mpeleka akatuma.

"Mungu wangu, tena!"

Inachoka alasiri. Yule mama wa Ureno! Tjitske akaikunjua fikra kama mtu anayekunjua ramani. Anwani ni ya kuazima, na kilichoazimwa kina siku yake ya kurudishwa. Vifaa vya kisasa, muda ukikaribia kuisha, humrudia mwenye mali na kusema, tafadhali niongezee. Kile kijiprogramu cha kuazima kilikuwa kimeandika muda wake wazi, mstari mmoja kwenye faili, na Mpeleka hakuwahi kuusoma mstari huo. Tjitske hakumfundisha. Gerejini alimjaribu baada ya chakula cha jioni hadi wakati wa kulala, kamwe si kutwa nzima, kwa hiyo hakuwahi kuona deni likiiva. Sasa muda ulikuwa umekwisha, ruta ikaichukua namba ikampa mwingine aliyekuja kubisha hodi, yaani kijimashine cha Baukje. Nyumba mbili, namba moja, na tarishi wa barua amechanganyikiwa.

Kosa lilikuwa lake yeye mwenyewe, kuanzia herufi ya kwanza.

Na hakuna aliyejua. Matokeo yalikuwa yakifika, yamechelewa kidogo tu. Skrini ya kantini inang'aa. Wopke ameridhika. Aliyekuwa akiumia ni Baukje peke yake, na kila mtu ameshakubali kwamba kidude chake ni kibovu. Zilibaki jozi chache. Akinyamaza kama maji mtungini, jua litazama na kompyuta itabaki mahali pake. Akitaka kurekebisha, ni lazima aifunge programu ya mbio, aandike anwani ya kudumu kwa mkono, azime, awashe. Jambo moja kwa wakati mmoja. Mbio zitasimama, na sharti analijua kila mtu.

Nje ilikuwa nusu fainali. Jildou alikuwa ameshinda mbio ya kwanza na kupoteza ya pili, na sasa alikuwa anarudi taratibu kuanza ya tatu, mvuke ukimtoka mabegani. Pembeni, Baukje alikuwa anamwambia mteja, kwa sauti ndogo isiyo yake, "Samahani baba, mashine yangu mbovu. Chukua tu, utalipa siku nyingine."

Tjitske akakanyaga breki.

Alitoka kibandani na buti zake za miiba, akatembea hadi katikati ya barafu, akanyanyua mikono yote miwili kama anayesimamisha lori. "Simameni! Jamani, simameni kwanza!"

Mwanzishaji akashusha bendera. Minong'ono ikaanza ukingoni.

"Nini tena?" Wopke akafoka kutoka ukingoni.

"Mashine ya Baukje haina ubaya wowote," Tjitske akasema, kwa sauti iliyozoea kusikika ndani ya gari tu, kwa hiyo alilazimika kuirudia kwa nguvu. "Haina ubaya! Ni kompyuta yangu. Imeng'ang'ania anwani ambayo si yake tena, na kila nikituma matokeo namkatia Baukje mtandao. Nipeni muda nirekebishe."

"Unasimamisha mbio?" Wopke akauliza, taratibu, kama hakimu.

"Nasimamisha mbio."

"Unajua maana yake?"

"Wopke, nilikuwepo kwenye mkutano. Nilikaa nyuma, ndimi niliyewachekesha watu."

Hakuna aliyecheka sana. Tjitske akarudi kibandani, akafunga programu, akaandika namba mpya, mbali kabisa na zile ruta inazoazimisha, akazima, akawasha. Kompyuta za aina hiyo haziharakishwi. Hesabu kumbukumbu, washa kiendeshi, soma orodha. Nje Jildou aliruka ruka, akajikumbatia, akajisugua mapaja, akaangalia mlango wa kibanda kama mtu anayetaka kuutia moto. Hatimaye skrini ya kantini ikaamka. Baukje akagusisha kadi ya kwanza, kijimashine kikalia tii!, na foleni nzima ikashangilia kana kwamba kuna aliyeshinda.

Mbio ya tatu ikakimbiwa. Jildou, misuli imeshapoa, aliteleza kidogo tu mwanzoni, kitu kama pumzi moja. Ilitosha. Mwale wa njia ya mpinzani wake ulikatwa kwanza.

Fainali ikaenda bila yeye, na matokeo yakafika kantini papo hapo, kila moja, hadi la mwisho. Baukje akauza supu mpaka akakwangua sufuria. Kisha akaja kibandani na bakuli moja alilolificha, lenye mkate mweusi na kipande cha soseji juu.

"Hili hulipii," akasema.

"Baukje, ni mimi niliye..."

"Kula kabla sijabadili mawazo. Tena mwaka huu wote unanifundishia mpwa wangu udereva kwa nusu bei, kwa hiyo si bure hata kidogo."

Wopke naye akaja, amevua kofia. Akasimama mlangoni akizungusha ukingo wa kofia vidoleni. "Sharti ni sharti," akasema.

"Sijapinga."

"Ningekuwa mimi, ningenyamaza." Akaonekana kushtushwa na maneno yake mwenyewe. "Nina tela. Nitakusaidia kuibeba hadi kwako. Gereji, siyo jaa. Mkutano ulisema vyuma chakavu, haukusema vya nani."

"Utarudi nyuma na tela hadi hapa mlangoni?"

"Nitakuja kwa mbele," akasema Wopke, akaondoka.

Tjitske alikuwa bado hajazima kompyuta. Alikuwa amekaa mbele ya skrini nyeusi akiuandikia ulimwengu mzima, mkulima wa nyanya, mama wa Ureno na wengine asiowajua: Mpeleka ana kosa, kosa ni hili, liko hapa, nimelikuta leo mbele ya watu. Samahani, mama wa Ureno. Waya wako ni mzima.

Mlango ukafunguliwa kwa teke. Jildou, viatu vya chuma vinaning'inia shingoni, macho mekundu, na si kwa upepo.

"Ningeshinda," akasema.

"Ungeshinda."

"Yule simuogopi! Nimemfunga mbio ya kwanza bila hata kujikaza! Halafu wewe unanisimamisha nigande kama samaki wa dukani! Na watu wote wanakusifia, eti Tjitske mkweli, Tjitske muungwana. Mkweli wa nini? Ni programu yako! Umeigawa dunia nzima ikiwa na shimo ndani!"

"Kweli."

"Usiniambie kweli kweli! Sasa mimi nimlaumu nani?"

Tjitske akajisogeza, akaacha nafasi mbele ya skrini, akavuta stuli kwa mguu wake wa kulia mpaka ikagonga meza.

"Mimi," akasema. "Nilaumu mimi, mwanangu, na usinihurumie. Ila unilaumu ukiwa umekaa hapa. Mistari yote iko wazi, sijaficha hata mmoja. Nionyeshe nilikosea wapi, na tukimaliza huo, utafute mwingine."